Bega Lililoganda

Mtu hathamini mkono mpaka ugome. Wangu wa kulia ulianza kuuma usiku, kisha bega likakakamaa kabisa. Nikawa sifikii rafu ya vitabu, na shati navalishwa na mama watoto. Kwa mwalimu aliyewaambia wengine maisha yake yote, "Nyoosheni mikono juu," hilo ni jambo zito.

Jina la "bega lililoganda" lilitolewa na daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani, mwaka 1934. Mfuko unaozunguka kiungo huvimba, huwa mnene, kisha husinyaa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60. Mimi ulinikuta nimekwisha kustaafu, lakini nina kisukari, na wenye kisukari ndio wanaoandamwa zaidi.

Nikapelekwa kwenye tiba ya leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1967, Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliwamulika panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upesi kuliko ya wenzao. Tangu hapo mwanga hafifu ukaanza kutumika kutibu. Leza hii haikati wala haichomi: mgonjwa na mtaalamu huvaa miwani ya kinga, bega likamulikwa hapa na pale kwa dakika chache.

Siku ya kwanza nilimwuliza yule mtaalamu, "Binti yangu, tumemaliza?"

"Bado, Mwalimu. Sasa ndiyo tunaanza."

Akaniinamisha, mkono ukaning'inia kama timazi, nikauzungusha polepole. Kisha nikapandisha vidole ukutani, kidogo kidogo, mpaka jasho likanitoka. Kazi hiyo hiyo niliifanya nyumbani kila siku.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2014 yanakubaliana naye: leza ikiambatana na mazoezi ilituliza maumivu katika majuma ya mwanzo kuliko mazoezi peke yake, ingawa ushahidi wenyewe ni haba. Mwanga, basi, hutuliza maumivu ili mkono ukubali kufanya kazi. Kazi yenyewe ni ya mgonjwa. Safari huweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu.

Nawe, ndugu msomaji, ukipatwa na hali hii, pima sukari. Na kabla hujalipia mwanga, uliza: nitarudi nyumbani na mazoezi gani?