Nguzo Zinyooke, au Watu?

Wengi mmeniuliza kuhusu zile lenzi kuukuu ninazobeba siku za sherehe. Leo nawajibu.

Ni mbili. Moja ni Zenitar ya Urusi ya 16mm, jicho la samaki, inayoona nyuzi 180 kutoka pembe moja ya picha hadi ile ya mkabala. Nyingine ni Nikkor ya 20mm. Zote ni za kamera za filamu za Nikon. Huko lenzi ilikaa milimita 46.5 mbele ya filamu, ili kioo cha ndani kipate nafasi ya kuinuka. Kamera yangu ya Sony ya mirolesi haina kioo. Milimita 18 zinaitosha. Adapta inajaza pengo lililobaki. Haina glasi, ni bomba la chuma tu.

Otofokasi hakuna. Unairuhusu kamera ipige hata isipoitambua lenzi, kisha unazungusha pete kwa mkono. Ile 16mm ukiifunga hadi f/8 na kuilenga mita moja, kila kitu kuanzia kama nusu mita hadi mbali kabisa hutoka safi. Lakini usiamini sana namba zilizochorwa kwenye lenzi. Adapta nyingi ni fupi kidogo, kwa hivyo kuza picha kwenye skrini uhakikishe.

Sasa nisikilize, mpendwa. Lenzi hizi hazipotoshi kwa njia moja. Ile 20mm hunyoosha nguzo, lakini ili izinyooshe lazima imvute mtu aliye pembeni. Kichwa chake kikiwa ukingoni hupanuka kwa karibu theluthi. Jicho la samaki hupinda nguzo kama upinde, ila nyuso za pembeni hubaki karibu na zilivyo.

Kuna familia iliyoniletea picha ya mama yao ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Ya miaka ya karibuni walikuwa na hiyo moja tu. Mama alisimama mwisho wa safu kwenye harusi, na mpigapicha alitumia lenzi pana ya kunyoosha. Nguzo za hema zilinyooka vizuri kabisa. Kitinda mimba wake akaitazama, akasema, "Pasta, huyu si mama."

Tukaibana ile picha kwenye kompyuta, pole pole, mpaka uso ukarudi. Nguzo zikapinda. Hakuna aliyeziangalia.

Tangu siku hiyo, safu ikiwa ndefu narudi nyuma hatua chache. Pasipo na nafasi ya kurudi, natoa jicho la samaki. Nyumba ipinde, mtu abaki mtu.

Wiki hii, kabla hujapiga picha ya familia, tazama ni nani amesimama mwisho wa safu. Mara nyingi ni mgeni, au ni shosho asiyependa kusumbua. Mwite aingie katikati.

Mbarikiwe.