Ukialikwa kwa Mlithuania, hesabu maua yako

MSOMAJI mpenzi, huenda siku moja ukapata nafasi ya masomo au kazi katika nchi ndogo iitwayo Lithuania, huko Ulaya kando ya Bahari ya Baltiki. Usicheke. Mimi pia sikudhania, lakini nilikaa Vilnius, mji mkuu wake, miaka miwili nikiwa mwanafunzi. Tangu nirudi, kila nikitaja jina hilo watu huniuliza kama huko si Urusi. Tafadhali, ukifika usije ukatamka hivyo mbele ya mwenyeji wako. Utaharibu chakula.

Hebu tuanzie mlangoni. Vua viatu. Usimpe mwenyeji mkono yeye akiwa ndani nawe ungali nje; vuka kizingiti kwanza, maana kusalimiana juu yake ni mkosi. Ukipeleka maua, na ni vizuri uyapeleke, yawe matatu, matano au saba. Manne au sita ni ya kupelekwa makaburini.

Mezani utaletewa cepelinai, yaani madonge makubwa ya viazi vilivyokunwa, yenye nyama ndani. Mara nyingi nyama hiyo ni ya nguruwe, kwa hivyo asiyeila na aulize mapema. Mawili tu yanatosha kumlaza mtu mzima. Wakati wa joto utapewa supu baridi ya bitiruti yenye rangi ya waridi kama ya peremende. Usiiogope. Aliyelelewa kwa maziwa mala ataitambua ladha yake mara moja, kwani imetengenezwa kwa maziwa yaliyochacha. Mazungumzo yakikauka, taja mpira wa vikapu. Walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1937, 1939 na 2003, na hawachoki kukusimulia.

Lakini kitu wanachokithamini kuliko vyote ni lugha yao. Kilithuania kimehifadhi mambo mengi ya kale yaliyopotea katika lugha nyingine za Ulaya. Moto wao huitwa ugnis; waulize Wahindi wa Parklands maana ya agni, utashangaa. Hata majina yana mambo yake. Baba akiwa Kazlauskas, mkewe kwa desturi huitwa Kazlauskienė na binti yao ambaye hajaolewa Kazlauskaitė. Mara ya kwanza nilidhani hao ni watu wa koo tatu wanaokaa nyumba moja!

Lugha hii ilinusurika kwa shida. Baada ya wenyeji kuasi utawala wa mfalme wa Urusi mwaka 1863, serikali yake ilipiga marufuku kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini, hizi hizi unazosoma sasa. Ilitaka watumie herufi za Kirusi. Marufuku hiyo ilidumu miaka 40, kuanzia 1864 hadi 1904.

Basi watu walifanyaje? Vitabu vilichapishwa ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Wajerumani, kisha vikavushwa usiku ndani ya magunia na chini ya nguo. Waliovibeba wanaitwa knygnešiai, wachukuzi wa vitabu. Wengi walikuwa wakulima wa kawaida. Aliyenaswa alifungwa au kupelekwa Siberia, na wengine walipigwa risasi mpakani. Mmoja wao, Jurgis Bielinis, alizaliwa tarehe 16 Machi 1846, na hadi leo tarehe hiyo ndiyo siku ya kuwakumbuka wote. Fikiria, msomaji: taifa zima linaadhimisha watu waliofanya magendo!

Nyumbani, kazi ya kufundisha iliwaangukia akina mama. Mchongaji Petras Rimša alitengeneza sanamu mwaka 1906 inayomwonyesha mama akisokota nyuzi huku mwanawe akisoma kitabu kando yake. Niliiangalia nikawakumbuka wapwa zangu wa Nairobi, ambao nyanya yao akija kutoka kijijini hutafutiwa mkalimani. Sisi hakuna aliyetukataza.

Sasa nikueleze juu ya Kūčios, karamu ya usiku wa tarehe 24 Desemba. Mama mwenye nyumba nilimopanga, ajuza niliyezoea kumwita nyanya, alinikaribisha mezani pamoja na wanawe. Huliwa vyakula 12 bila nyama wala maziwa: samaki, uyoga, bitiruti na vijimkate vidogo vya mbegu za mpopi. Chini ya kitambaa cha meza hutandazwa nyasi kavu. Kila mtu huchomoa unyasi mmoja, na anayepata mrefu ataishi sana. Wangu ulikuwa mfupi kama kijiti cha kiberiti, wakacheka wee.

Niliona sahani moja haina mtu. Nikauliza nani amechelewa. Nyanya akasema ni ya mdogo wake. Mwezi Machi 1949 wakuu wa Kisovieti waliwapakia yeye, mama yao na huyo mdogo katika garimoshi kuelekea Siberia, pamoja na maelfu ya wengine. Yeye alirudi. Enzi hizo sherehe za kidini hazikupendwa na serikali, kwa hivyo kila Desemba mama yao alifunga mapazia kwanza, kisha akaiweka sahani ile. Iliendelea kuwekwa hadi uhuru ukatangazwa tarehe 11 Machi 1990, na bado inawekwa, siku hizi mapazia yakiwa wazi.

Tulipomaliza kula niliinuka nikaanza kukusanya vyombo, jinsi tulivyofunzwa na mama zetu. Nyanya alinishika mkono akanirudisha kitini. Usiku huo chakula huachwa mezani hadi asubuhi, ili waliotangulia wakija wakute kitu. Kwa hivyo ukialikwa Kūčios, usihangaike na vyombo.