Kombe la Usiku Ule

Mlango wangu hubishwa sana baina ya Magharibi na Isha. Huyu ana chupa ya maji ataka isomewe, yule mwanawe halali usiku. Sikuwahi kumrudisha mtu, wala sikuwa na ada ya kuuliza mengi, mpaka zamu ilipofika nyumbani mwangu.

Binti yangu alirudi kwetu Likoni kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi. Alikuwa katika mwezi wa nane. Uso ulimjaa, pete ikamkaza kidoleni, na wanawake waliokuja kumjulia hali wakasema amenawiri. Siku ya tatu akashikwa na kichwa kisichosikia dawa. Jioni akaniambia, "Baba, naona vimulimuli mbele ya macho." Nami, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na sifa zao nyingi, nikasema ni jicho la watu. Nikaroweka zaafarani katika maji ya waridi, nikaandika kombe sahanini, akanywa, akalala.

Alfajiri akapita mkunga mzee, jirani yetu. Hakukaa hata kitako. Alimtazama uso, akamwuliza kama ana maumivu chini ya mbavu za kulia. Alipoitikia, bibi yule akanigeukia: "Sheikh, kombe lako lina heri, lakini huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi."

Tulivuka kwa feri. Hospitalini presha ilikuwa 180 kwa 120, na mkojo umejaa protini. Kabla hajadungwa sindano, akaanguka na degedege mbele ya macho yangu. Nimewaona wajawazito wengine wakianguka namna ile, nikawasomea, nikidhani namjua anayewaangusha.

Walimdunga magnesiamu kuzuia degedege, wakamshusha presha, kisha wakampasua, kwani daktari alinieleza kuwa tiba ya maradhi haya ni kutoka mtoto na kondo lake. Binti yangu alipona, alhamdulillahi. Mjukuu wangu aliishi siku mbili. Nilimtia kaburini kwa mikono yangu. Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na nimeridhika nayo. Lakini usiku ule wa kombe niliuchelewesha mimi.

Maradhi haya watu huyaita kifafa cha mimba, ingawa kifafa chenyewe ni mwisho wake. Mwanzo wake ni kimya: presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, ambayo mama huenda asiihisi kabisa, ndiyo maana kliniki humpima kila aendapo. Miguu kuvimba huwapata wengi. Uso na mikono kujaa ghafla, kichwa kisichotulia, macho kuingia kiza au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo: moja tu katika haya yatosha kumtoa nyumbani usiku huo huo. Akishikwa na degedege, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko kinywani wala kumnywesha chochote, hata kombe. Na kujifungua si salama yake bado. Yaweza kumjia akiwa ndani ya arubaini, wakati ambao sisi twamfungia chumbani na kumkanda.

Mimba ya pili daktari alimwandikia aspirini ndogo ya kila siku tangu mwezi wa nne, kwa kuwa aliyepatwa mara moja yu katika hatari ya kupatwa tena. Ramadhani ilipomkuta, nikamwambia mwenyewe ale, atalipa; ruhusa hiyo imo katika sharia. Binti aliyezaliwa sasa asoma alifu kwa kijiti mbele yangu.

Bado nasoma maji. Wiki iliyopita alikuja kijana na chupa. Mkewe ana mimba na kichwa chamuuma tangu juzi. Nikamwuliza kitabu cha kliniki kiko wapi. Akasema kiko nyumbani. Nikavaa viatu, tukaenda kumchukua mkewe pamoja.