Kabla Mzazi Auze Ng'ombe Ulipie Kodingi

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza hivi: "Bro, nataka kuanza biashara. Si nianze na kodingi kwanza?" Wengi ni vijana wa Wote, Mwingi na Kitui mjini, wamemaliza kidato cha nne juzi, na mzazi yuko tayari kuuza ng'ombe alipe kozi. Hebu niwaambie yangu, kisha muamue.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kompyuta, na kichwani nilishaamua kwamba ukijua kuandika programu, pesa itakufuata yenyewe. Nikarudi Kitui na laptopu na kiburi. Mama hununua ndengu kwa wakulima, anauza kwa gunia sokoni Kalundu. Nikamwambia, "Mwaitu, nitakutengenezea apu." Miezi minne nikajifungia chumbani. Apu ikatoka, ikafanya kazi, rangi safi. Unajua ni wakulima wangapi waliitumia? Wawili. Mmoja ni binamu yangu.

Kodingi haikuwa na shida. Wakulima wengi wa Mama wana kabambe. Wanampigia simu kwa sababu wanamwamini, na yeye anajua nani lazima alipwe leo kwa sababu mtoto amefukuzwa karo. Hiyo sikuwa nimeiweka popote kwenye apu. Mbaya zaidi, msimu huo nikiwa chumbani, Mama alikosa mtu wa kumsaidia kuanika na kupepeta. Magunia sita yakaingia wadudu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Laiti hiyo kompyuta yako ingejua kupepeta." Ilinichoma kuliko matusi.

Sasa angalia M-Pesa, ambayo sote tunaitumia. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiongoza mradi, wakaliona hilo, na Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, kazi yake kubwa ikawa kutuma pesa nyumbani. Programu yenyewe iliandikwa na Sagentia, kampuni ya Uingereza. Kuandika programu kulipata wa kuajiriwa. Kugundua kwamba mtu wa Nairobi anataka mama yake kijijini apate mia tano leo, hilo lilihitaji macho.

Lakini msinisikie vibaya. Kutojua kabisa pia kunauma. Shangazi yangu huuza maembe Wote. Alimlipa divelopa fulani elfu arobaini amjengee tovuti. Jamaa akaisajili kwa jina lake mwenyewe, akashika nywila zote, kisha simu ikawa haishikwi. Shangazi hakuhitaji kujua Python. Alihitaji maswali matatu: hii itakuwa kwa jina la nani? Nywila nitakuwa nazo? Bei ikibadilika, nitaibadilisha mwenyewe? Hayo unajifunza kwa jioni moja, bila kuuza chochote.

Mimi na Mama tulianza upya na jedwali kwenye simu: jina la mkulima, kilo, bei, gari, deni. Hesabu ni kujumlisha na kutoa tu. Msimu ulipoisha tukaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikiona: ndengu za Mutomo tulizofikiri ni rahisi, gari lilikuwa linakula faida yote. Sasa hatuendi huko mpaka tuwe na mzigo wa kujaza gari. Hiyo peke yake imetusaidia kuliko apu yangu.

Konza iko hapa Malili, Makueni, na tangu Kibaki azindue ujenzi Januari 2013 tumekua tukiambiwa kesho ni ya teknolojia. Ni sawa. Kama kodingi inakukosesha usingizi kwa raha, jifunze, mimi bado naandika. Na kuacha chuo si ujanja, msiniige.

Ila kama unachotaka ni biashara, kaa sokoni mwezi mmoja kwanza. Beba magunia. Sikiliza watu wanalalamikia nini. Ukipata shida ambayo kweli inahitaji programu, utajua ya kujifunza na ya kumlipa mtu.

Ng'ombe abaki zizini kwanza.