Hereni ya kwanza ya mtoto

Ukitoka soko la Darajani, Unguja, na kuingia vichochoro vya Mji Mkongwe, unakutana kwanza na meza za wachuuzi: hereni za rangi ya dhahabu, kubwa na za bei ndogo. Mbele kidogo, nyuma ya kioo, sonara ana mizani na vipini vidogo kama punje za mtama. Bei yake humfanya mzazi arudi kwenye meza.

Mama mmoja alirudi hivyo. Binti yake, miaka saba, ametogwa masikio kwa ajili ya harusi ya shangazi yake. Wiki tatu baadaye ndewe zimevimba, zinawasha na kutoa majimaji. Akivuliwa hereni anapata nafuu. Akivishwa, taabu inaanza upya.

"Juu ni rangi tu, mama," sonara anamwambia. "Ndani hatujui kuna nini."

Mara nyingi ndani kuna nikeli, madini yanayochanganywa katika mapambo ya bei rahisi. Jasho huiyeyusha kidogo kidogo ikaingia kwenye ngozi, na tundu jipya ni kidonda kisicho na kinga. Mwili ukishaikataa nikeli, mzio huo kwa kawaida haundoki tena. Ukubwani hata kifungo cha suruali au mkanda wa saa huweza kumwasha.

Ndiyo maana hereni ya kwanza si ya kubahatisha. Dhahabu ya karati 22, yenye muhuri wa 916, ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24. Zilizobaki huwa fedha na shaba. Ya karati 18, muhuri 750, robo yake ni madini mengine, hivyo uliza ni yapi, hasa ikiwa ni dhahabu nyeupe, kwani huenda imetiwa nikeli. Fedha ya 925 kwa kawaida huchanganywa na shaba. Titaniamu nayo ni nadra kuleta mzio.

Mama anachagua vipini vidogo kuliko vyote vya karati 22. Sonara anakataa kumvisha mtoto.

"Kipone kwanza. Mpeleke kituo cha afya wakamtazame."

"Na matundu yakiziba? Harusi ni Ijumaa."

"Yakiziba, atatogwa tena."

Mama anaacha malipo ya awali, anamvua binti zile hereni na kumshika mkono. Ijumaa mtoto atakwenda harusini masikio matupu.