Rubani Aliyefia Niemba

Kila mwaka mwezi wa Novemba unapokaribia, sisi makatekista hapa Kalemie tunagawa karatasi ili Wakristo waandike majina ya marehemu wao, wapate kukumbukwa katika Misa. Mwaka jana niliandika kwenye karatasi yangu jina lililoleta maneno nyumbani: Aimé Behaeghe.

Mama akauliza, "Huyu ni nani wa kwetu?" Nikamjibu kwamba si wa kwetu. Ni Mbelgiji, rubani wa vita vile vya kwanza, aliyefia Niemba, kwenye njia yetu ya reli, tarehe 3 Desemba 1916. (Niemba ndiko walikouawa pia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, Novemba 1960. Mahali pale pamekunywa machozi ya mama wengi wa mbali.)

Habari yake ni hii. Siku zile ng'ambo ya ziwa ilikuwa mikononi mwa Wadachi, na meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa ikilala Kigoma. Wabelgiji wakapewa na Waingereza ndege nne zenye kuelea majini, aina ya Short. Zilishushwa Matadi, zikapanda treni, zikapanda mto kwa meli, na treni tena kutoka Kabalo, mpaka zikafika kwetu huku. Lakini nani asiyejua mawimbi ya ziwa hili? Yangezivunja siku moja tu. Basi wakatafuta maji yaliyotulia, wakayapata Tungwe, karibu na Mtoa, kaskazini ya mji wetu.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka kutoka Tungwe, wakavuka, wakatupa mabomu Kigoma. Mimi nimevuka ziwa kwa mashua yenye injini, na injini ikatuzimikia usiku. Nilisali sala zote ninazozijua, hata zile ninazowafundisha watoto wadogo. Wao walikuwa na injini moja, mabawa ya mti na kitambaa, na maji ya zaidi ya kilometa 100 chini ya miguu. Na walikokwenda hakukuwa na wa kuwapokea ila adui. Siwezi kuwanyima heshima yao.

Tena kuna jambo la kusikitisha ndani yake. Mzinga mkubwa wa meli ile ulikuwa umekwisha kuondolewa ukapigane nchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mti. Watu walihatarisha roho zao, na za wengine, kwa ajili ya gogo. Tarehe 26 Julai Wadachi wakaizamisha meli wenyewe. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Meli iliinuliwa baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Behaeghe hakuangushwa wala hakuzama. Ugonjwa ndio uliomwua, miezi sita tu baada ya safari ile, naye hajafikisha miaka thelathini.

Habari hii niliwasimulia watoto wa Kipaimara, nikifurahia mwenyewe mambo ya ndege. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, na wale waliokuwa chini, tunawaombea nao?" Nikasema ndiyo, upesi upesi, kisha nikaendelea na ndege zangu. Hata mimi nilisikia kwamba jibu lile lilikuwa jepesi.

Kumbe mama alikuwa na lake. "Huyu Mbelgiji umempata mpaka tarehe yake. Na ndugu wa baba ya babu yako je?" Mtu huyo alichukuliwa upagazi katika vita hivyo hivyo. Watu zaidi ya 200,000 walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji, chakula na risasi, vichwani, mpaka Tabora na kupita. Yeye alikwenda, hakurudi. Nilimwuliza mama jina lake, hakulijua. Nikaenda kwa shangazi, mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki. Akaniambia kwamba jina lile halikutajwa nyumbani, kwa maana mzee alipolisikia aliacha chakula akatoka nje. Hivyo watoto walikua bila kulisikia, na shangazi mwenyewe ni mtoto wa watoto wale.

Nilirudi usiku, nikaketi na karatasi. Jina la Behaeghe sikulifuta. Chini yake niliandika: "Ndugu wa baba ya babu, mpagazi." Kisha mstari wa tatu: "Waliokuwa chini, Kigoma."

Jumamosi msomaji wetu wa Misa alinijia na karatasi mkononi. "Mwalimu, umesahau. Hapa na hapa majina hayapo."

Nikamwambia asome hivyo hivyo.