Kununua injekta za pikapu: nilivyokosea na nilivyorekebisha

Najua niliahidi kuendelea na yale mambo ya hifadhidata, lakini kwa wiki kadhaa sikuandika hata mstari mmoja wa programu nje ya kazi ya ofisi. Nilikuwa chini ya boneti ya pikapu. Basi leo mniruhusu niongee kuhusu injekta za dizeli. Ukivumilia utaona kwamba hatujatoka mbali na mambo yetu ya kawaida.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux yenye injini ya 2KD, yaani ile ya lita 2.5 iliyoandikwa D-4D. Ni ya Mama. Kila asubuhi hubeba maziwa yake na ya majirani kule Kinangop hadi kwenye kituo cha kupoza, na binamu yangu ndiye dereva. Pikapu ikilala, maziwa ya watu yamelala, na maziwa hayajui kusubiri.

Shida ilianza hivi. Asubuhi kwenye baridi inawaka vizuri. Ikifika kituoni injini ikiwa moto, ukizima kisha utake kuwasha tena, stata inazunguka, inazunguka, hakuna kitu. Inabidi kungoja kama nusu saa ipoe. Isitoshe, ikaanza kugonga kama mtu anayetikisa kopo la misumari, na kutoa moshi mweusi ikipanda mlima.

Fundi wa pale kijijini akasikiliza, akatikisa kichwa. "Injekta zimeisha. Nunua zote nne." Hakupima chochote. Na mimi, mtu ninayewafokea wenzangu kazini wakirekebisha programu kabla ya kusoma logi, sikuuliza swali hata moja.

Nikateremka Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan). Duka la kwanza nilitajiwa bei ya injekta moja mpya nikatoka nje kuvuta pumzi. Duka la nne nikaonyeshwa seti nzima, injekta nne zimepangwa vizuri kwenye boksi, kwa pesa pungufu ya ile bei ya moja. "Ni ile ile, boss. Tofauti ni boksi tu." Nikalipa. Jioni nikampigia Mama nikijisifu kwamba nimemwokolea pesa.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mambo shwari. Wiki ya pili Mama akapiga simu. Yeye huangalia oili kila Jumapili baada ya kanisa, ni mazoea aliyoachiwa na marehemu Baba.

"Mwanangu, mbona oili inaongezeka na hakuna aliyeongeza? Na inanuka dizeli."

Nilihisi baridi. Oili haizaani. Ikiongezeka hivyo, kuna dizeli inayomwagika ndani ya silinda bila kuungua, inateremka kwenye kuta ikiziosha, inaishia chini kwenye oili. Oili ikichanganyika na dizeli inakuwa nyepesi na hailindi tena beringi. Injekta inayodondosha hivyo inaweza hata kutoboa kichwa cha pistoni, na hapo hutaongea tena habari ya injekta, utaongea habari ya injini nzima. Nikamwambia pikapu isisogee hata mita moja. Kwa siku kumi maziwa yalibebwa na punda na bodaboda.

Injekta ni nini hasa

Kwenye dizeli za zamani, kama zile Toyota za 2L, 3L na 5L ambazo mafundi wetu wengi walijifunzia, injekta ni kifaa cha springi. Pampu inasukuma dizeli, presha ikifika kama baa 150 springi inakubali, dizeli inanyunyizwa. Hakuna umeme hapo. Fundi hodari alikuwa analegeza nati ya paipu injini ikinguruma ili ajue silinda ipi haifanyi kazi.

Kwenye D-4D usijaribu hivyo! Hapa pampu inajaza bomba moja nene linaloitwa reli, na injekta zote nne zinanywa humo. Injini ikinguruma bila mzigo presha ni kama baa 300, na ikivuta mzigo inaweza kukaribia baa 1,600. Dizeli ikichomoka kwa presha hiyo inapenya ngozi ya mkono kama sindano, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Kila injekta ina vali ndogo ya umeme, na kompyuta ya injini ndiyo inayoamua ifunguke lini na kwa muda gani. Muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapata zamu yake mara 25 kwa sekunde.

Sasa hapa ndipo niliposisimka. Kompyuta haipimi dizeli iliyoingia kwenye silinda. Inaagiza tu: fungua kwa muda huu. Halafu inaamini kwamba muda huo ni sawa na kiasi fulani cha dizeli. Lakini sehemu za ndani za injekta zinakaribiana kwa mikroni chache tu, na hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza mbili zinazolingana kabisa. Kwa hiyo kila injekta hupimwa kiwandani, na tofauti zake zinaandikwa juu ya kichwa chake kama msimbo. Kwenye hizi za 2KD yetu ni tarakimu na herufi 30, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F. Mwanaprogramu yeyote akiona hivyo anajua ni hexadesimali. Ni jedwali dogo la masahihisho, na fundi anatakiwa kuliingiza kwenye kompyuta ya injini kwa skana, kila msimbo kwenye silinda yake.

Fundi wetu wa kwanza hakuingiza kitu. Kompyuta ilikuwa bado inasahihisha injekta ambazo zilikuwa zimetolewa! Nikasema basi, nitaingiza mwenyewe. Nikachukua tochi na karatasi, nikaenda kunakili misimbo ya zile injekta mpya.

Ilikuwa mmoja. Herufi kwa herufi, kwenye injekta zote nne. Ni kama ununue kadi nne za mtandao ukute zote zina anwani moja ya MAC. Hakuna aliyezipima hizo injekta. Kuna mtu alinakili maandishi ya injekta moja halisi akayachapa juu ya zote.

Kupima kwanza

Nilipata karakana ya dizeli huku Industrial Area yenye mashine ya kupimia injekta. Fundi wa pale hakuniuliza nataka kununua nini. Aliuliza, "Zile za zamani ziko wapi?" Bahati nzuri Mama hatupi kitu. Zilikuwa kwenye gunia stoo.

Fundi akazipima moja moja. Anaangalia injekta inatoa kiasi gani kwa presha mbalimbali, kama inadondosha ikiwa imefungwa, na inarudisha kiasi gani. Hilo la mwisho ni muhimu. Kila injekta hurudisha dizeli kidogo kwenye tangi kupitia paipu nyembamba. Ikilika ndani, inarudisha nyingi mno, na wakati wa kuwasha reli haipati presha ya kutosha. Dizeli ikiwa baridi ni nzito kidogo, inajikaza. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kila mwanya. Ndiyo maana pikapu iliwaka asubuhi na kukataa kule kituoni.

Majibu: mbili zinarudisha kupita kiasi, mbili bado ziko ndani ya vipimo. Yaani nilinunua nne mbovu ili kutoa mbili nzima.

Tena kuna kipimo ambacho ningeweza kukifanya tangu siku ya kwanza bila kufungua nati hata moja. Kompyuta inafuatilia mwendo wa krenki, na silinda ikivivia inaiongezea dizeli, ikizidisha inaipunguzia. Masahihisho hayo yanasomeka kwa skana, kwa milimita za ujazo kwa kila mnyunyizo. Injini ikinguruma bila mzigo yanatakiwa yawe kati ya -3 na +3. Kabla ya kuzitoa zile kopi nilisoma silinda ya 3, ilikuwa imepita -4. Kompyuta ilikuwa inapigana na injekta inayomwaga. Logi ilikuwepo muda wote, ni mimi sikuisoma.

Unaponunua, una njia hizi

Injekta mpya za mtengenezaji. Za Hilux hii zinatengenezwa na Denso. Unaweza kuipata kwenye boksi la Toyota au la Denso, na mara nyingi la pili ni nafuu. Namba ya Toyota huanza na 23670, ya Denso 095000 ikifuatwa na tarakimu nne. Usiseme tu "nataka ya 2KD", kwa sababu injini hiyo imetumia injekta zaidi ya aina moja. Soma namba iliyo kwenye injekta yako ya zamani.

Zilizokarabatiwa. Zinaweza kuwa nzuri, lakini dai karatasi ya vipimo ya kila moja. Ikiwa nozeli au vali imebadilishwa, msimbo wa zamani hauna maana tena. Kuna mashine zinazoweza kupima upya na kutoa msimbo mpya. Kama karakana haina mashine hiyo, unapewa injekta bila data yake.

Mitumba, wanaziita ex-Japan. Ni halisi lakini zimetumika, na hujui zilikunywa nini. Usilipe kabla hazijapimwa mbele yako.

Kopi. Nimeshasema.

Za matundu makubwa. Kule Marekani watu huziweka kwenye pikapu zenye injini za Cummins au Duramax ili kuongeza nguvu. Dizeli ikiongezwa bila hewa kuongezwa inaleta moshi na joto la kuua pistoni. Kwa kazi ya maziwa, achana nazo.

Fundi alisema wengi hubadilisha zote nne kwa pamoja, na hata yeye angependa hivyo. Nikampelekea Mama zile karatasi za vipimo. Akasema, "Kama mbili ni nzima, kwa nini tuzistaafishe?" Tukanunua mbili mpya kwenye boksi la Denso, tukarudisha mbili za zamani zilizofaulu, na misimbo yote minne nikaiingiza mwenyewe nikiisoma kwa sauti huku binamu akihakikisha. Pesa nilitoa mfukoni mwangu. Ni zile nilizokuwa naweka za kununua laptopu mpya.

Wakati wa kufunga usisahau washa za shaba, vile vipete vinavyoziba chini ya injekta. Weka mpya kila mara. Zikivuja, gesi ya moto inapanda na kaboni inaingia kwenye oili, kisha inaziba chujio la chini la pampu ya oili. Injini za familia hii, hasa kaka yake 1KD ya lita 3.0, zimeuawa namna hiyo nyingi tu. Tuliteremsha sampu tukaosha chujio, tukaweka filta mpya ya dizeli, na oili tukaibadilisha mara mbili.

Lakini zile mbili ziliuawa na nini?

Injekta hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana utelezi huo, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa nayo inakula injekta na pampu polepole. Uchakachuaji huo ulifaidi wengi kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa nafuu, hadi mwaka 2018 serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Nilimwuliza binamu taratibu anajaza wapi. Akainamisha kichwa. Alikuwa ananunua kwa mitungi kando ya barabara, kulikuwa na nafuu ya shilingi kadhaa kwa lita. Sikumgombeza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka Grogan na boksi langu la nafuu.

Sasa pikapu inawaka ikiwa moto kwa stata moja. Nilisoma masahihisho juzi, silinda zote ziko chini ya 1, juu au chini ya sifuri. Binamu anajaza kituo kimoja na anaweka risiti, na kila wiki anatoa maji kwenye filta. Lile duka lilikataa kunirudishia pesa (unajua ile sheria ya River Road: vitu vya umeme vikishauzwa havirudi), kwa hiyo zile kopi nne ziko hapa mezani pangu kazini. Mtu akija kuniambia programu yake "ni ile ile, tofauti ni seva tu", namwomba kwanza azisome vichwa.

Kama uko Nairobi na unasikia gari lako linagonga, njoo na skana tusome pamoja kabla hujaenda dukani. Laptopu yangu ya zamani bado inafanya kazi, japo polepole.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.